Aya ya Tatu ya Branice

Voi, 19 Januari 2025

Shangazi Dinah,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuchakaa. Sisi hapa tuko. Baba mguu wa kushoto bado mzito, lakini sasa anatoka kitandani mpaka kwa kiti cha nje bila kushikwa, na akishafika hapo anaanza kugombeza kuku. Anauliza kama ng'ombe wako mwekundu alizaa.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Miaka tisa si michache. Nimekupigia simu mara mbili, unasema "haloo, haloo" halafu unakata, na Mulinge wa dukani akaniambia simu kwako siku hizi ni mlio tu. Basi nimeamua kuandika. Gari la Phineas huja huko kila Jumapili na bidhaa, ataiacha hapo kwa Mulinge. Naomba kitu kimoja tu, usinirudishie barua hii na wino mwekundu.

Niko mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Mwalimu wetu wa lugha, Bwana Oloo, ametupa insha, na si ya kutunga. Unachukua vyanzo vitatu, yaani gazeti, ripoti na mtu aliyeona kwa macho yake, unaviunganisha mpaka vitoe hoja yako mwenyewe. Halafu mnasomeana wawili wawili. Unamjazia mwenzako fomu ya maoni, anarekebisha, ndipo kazi inaenda kwa mwalimu. Mimi nimewekwa na Branice Khalayi. Huyu ni rafiki yangu wa karibu sana. Siku Baba alipoanguka bafuni ni yeye tuliyembeba naye, na kila Jumatano anakuja kumtembeza uani.

Insha yangu inauliza kwa nini watu wa Kasigau wameacha mashamba ya chini. Gazeti ninalo, ripoti ya wanyamapori ninayo, nakosa mtu. Wewe uliacha lako 2019. Niambie ni nini kilikuondoa.

Na nikueleze ukweli kwa nini nahangaika hivi. Bwana Oloo ana nafasi moja tu ya mazoezi ya kufundisha hapa Voi mjini, na amesema atampa mwenye insha bora. Wengine tutatawanywa mpaka Mahoo. Nikienda Mahoo, Shangazi, nani atambadilisha Baba nguo?

Ni mimi wako,
Wakio


Kasigau, 2 Februari 2025

Wakio mwanangu,

Marahaba. Bwana asifiwe. Barua yako ilikaa kwa Mulinge siku tano chini ya katoni ya sabuni, sasa inanukia vizuri kuliko mimi. Mwambie baba yako ng'ombe alizaa dume, na kuku wa watu awaache wale. Huku mvua ilitudanganya mwezi wa kumi na mbili. Tunakula mbaazi na kumshukuru Mungu.

Nimeisoma mara tatu. Wino mwekundu sina, kalamu yenyewe ilikauka nilipostaafu. Hayo tuyaache.

Swali lako. Gazeti lako bila shaka limesema ndovu. Ndovu wapo. Walikula mahindi yangu misimu miwili na bado nilipanda tena. Sasa andika vizuri hapa: si ndovu walioniondoa, ni masikio yangu. Huku wakija, majirani wanagonga mabati, na aliye shambani anajua akimbilie upande gani. Asubuhi moja mwaka huo wa 2019 nilikuwa napalilia, nimewapa mgongo. Everlyne jirani yangu aligonga bati mpaka mkono ukachubuka. Sikusikia kitu. Ikabidi aje mbio anivute kwa leso, na kwa kunijia alikatiza mbele ya jike mwenye mtoto. Alikimbizwa, akaanguka mtaroni, akavunjika nyonga. Leo anatembea na fimbo.

Nilikuwa nimejua kwa mwaka mzima kwamba sisikii. Sikumwambia mtu, wala shuleni wala kanisani, kwa sababu niliona aibu. Kama Everlyne angejua asingepoteza muda kugonga bati. Ndiyo maana niliacha shamba, siwezi kusimama pale. Unaweza kuyaandika, jina langu usiweke.

Msalimie sana kaka yangu Tom. Mwambie anyooshe mguu hata kama unauma.

Shangazi yako,
Dinah


Voi, 23 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Baba alicheka kuhusu kuku mpaka akakohoa. Jana alitembea mpaka kwenye lango, Branice akimshika upande mmoja na mimi mwingine, majirani wakapiga makofi. Pole sana kwa habari za Mama Everlyne. Sikuwa najua kabisa. Siku zote nilidhani aliteleza kisimani.

Nakutumia nakala ya insha yangu. Tunapeleka kwa Bwana Oloo tarehe kumi na saba Machi, lakini hata ukichelewa nataka maoni yako. Niambie tu ukweli, nimekua sasa.

Ya Branice nimeshaisoma na fomu nimemrudishia. Anaandika kuhusu maji katika nyumba za wafanyakazi wa mkonge, kule mama yake amefanya kazi miaka kumi na minane. Ana vitu vizuri, lakini gazeti lina aya yake, mama yake ana aya yake, ripoti ina aya yake, kila mmoja amekaa kwa kiti chake hawaongei. Gazeti linasema mifereji ilifungwa 2016, mama anasema 2012, na yeye amepita hapo katikati kama hajaona. Aya ya tatu ndiyo ya ripoti, na hiyo ina Kiswahili kimenyooka sana, unajua.

Nilimwandikia, "Kazi safi, endelea hivyo hivyo." Wewe unaonaje? Nitaanzaje kumkosoa mtu aliyembeba baba yangu? Kanisa lao linamlipia masomo, mama yake anamtegemea, na ana roho nyepesi huyu, ukimwambia neno analibeba wiki nzima. Niliona afadhali nimtie moyo.

Nasubiri gari la Phineas kwa hamu.

Wakio


Kasigau, 9 Machi 2025

Wakio,

Tumeamka salama. Ndama anakua. Everlyne anakusalimia, nimemwambia unasoma ualimu, akasema Mungu awasaidie hao watoto.

Insha yako nimeipata. Nzuri. Hati inasomeka, nukta ziko mahali pake. Sina la kuongeza.

Ila kuhusu huyo Branice. Ulisema aya ya tatu ina Kiswahili kimenyooka sana, halafu ukaweka "unajua". Mimi sijui. Kimenyooka kwa nini? Na yale ya miaka miwili kutofautiana uliniandikia mimi nikiwa Kasigau, yeye aliye mbele yako ukamwambia kazi safi. Mimi yatanisaidia nini?

Ungemwambia hivi: dada, nimesoma mpaka hapa nikaelewa kwamba maji yalikatwa, lakini gazeti na mama yako wanapishana miaka minne, wewe unamwamini nani na kwa nini? Hapo humtukani. Unamwonyesha mahali msomaji wake alipokwama, na hapo ndipo insha yake ilipo, katika hiyo miaka minne. Pengine gazeti lilihesabu tangu barua ya ofisi, na mama anahesabu tangu siku aliyoanza kubeba ndoo. Angeweza kuandika kurasa mbili juu ya jambo hilo peke yake.

Kama bado kuna siku, mrudie. Nina wasiwasi barua hii itachelewa.

Salamu kwa Tom.

Shangazi Dinah


Voi, 20 Aprili 2025, Pasaka

Shangazi Dinah,

Bwana amefufuka. Barua yako ya Machi niliipata juzi tu. Phineas anasema barabara ilikatika na gari likalala njiani siku mbili, halafu akaisahau kwenye droo. Baba yuko sawa, ila amekuwa mkimya.

Nilipata nafasi, Shangazi. Insha yangu ilikuwa ya kwanza. Bwana Oloo ameibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya maktaba, na mwezi wa tisa naanza mazoezi hapa hapa mjini. Nilidhani nitaruka kwa furaha.

Branice amerudishwa nyumbani. Bwana Oloo aliisoma ile aya ya tatu, akaenda maktaba, akaitoa ripoti. Mistari kumi na mmoja, neno kwa neno, na hakutaja mwenyewe ni nani. Aliitwa mbele ya kamati. Wamesema arudie mwaka mzima, na kanisa likasema halilipi mwaka mmoja mara mbili. Sasa yuko kwa mama yake, anaanika nyuzi za mkonge. Hakuniaga. Nilikuta kitanda chake hosteli kimebaki godoro tu.

Mimi sikujua kama aliinakili. Ningejuaje? Ripoti ni nyingi kule maktaba, mtu hawezi kuzisoma zote. Kila mtu anabeba kazi yake mwenyewe, si hata mwalimu alisema hivyo? Ningejuaje mimi?

Baba anamuulizia kila Jumatano. Nimemwambia amesafiri.

Wakio


Kasigau, 4 Mei 2025

Wakio mwanangu,

Salamu ni zile zile, tuko hai. Leo nina mambo mazito, nianze na yangu.

Nilikudanganya. Nilipokuandikia kwamba insha yako ni nzuri, ilikuwa imekaa mezani kwangu siku nne nikiizunguka. Umeandika hivi: "Mkulima mmoja wa Kasigau alithibitisha habari za gazeti kwamba ndovu ndio waliowafukuza wakulima." Sikuthibitisha! Nilikwambia masikio. Nilikwambia Everlyne. Ni jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji, na wewe ukaona haliingii vizuri na gazeti, ukalikata, ukanifanya nikubaliane nalo. Ungeandika kwamba gazeti linasema ndovu, lakini mkulima huyu ana sababu nyingine, na ungejiuliza ni wangapi huku wameondoka kwa sababu ambazo hakuna aliyewauliza. Hapo ndipo ungekuwa na insha. Sasa uongo wangu na wako umebandikwa ukutani watu wasome, na nyonga ya Everlyne haipo popote. Iliniuma, Wakio. Iliniuma sana.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya 2016. Mama yako alikuwa na wiki tatu kaburini. Ukaniandikia kurasa mbili, mtoto wa darasa la saba, unaniambia nyumba imekuwa kubwa. Na mimi nikazirudisha na makosa ishirini na sita nimeyazungushia wino mwekundu. Neno la pole sikuandika hata moja. Naapa nilidhani nakushika mkono. Ndiyo kazi niliyoijua, mtoto akikuletea karatasi unasahihisha. Ulinyamaza miaka tisa, na kila mwaka nilijiambia nitakwenda Voi nikamwombe mtoto msamaha, na kila mwaka nikapata cha kupalilia.

Basi barua yako ilipokuja Januari niliapa sitakukosoa tena maisha yangu yote. Niliogopa utapotea tena. Nimekuacha uharibu kazi nikikutazama, eti ndiyo upendo. Nisamehe kwa yale ya kwanza na kwa haya.

Sasa wewe. Nimefundisha miaka thelathini na moja. Mtu akiandika "ningejuaje" mara mbili kwenye aya moja, alijua. Sitakulazimisha uniambie mimi. Kuna mwingine wa kumwambia, na unajua anaanika mkonge wapi. Usiende na sukari wala mkate, nenda na insha yake. Ikiwa atakufukuza, umekwenda.

Mungu akuongoze. Tom mwambie ukweli kuhusu Jumatano.

Shangazi yako,
Dinah


Voi, 15 Juni 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Baba hajambo kiasi, anatumia fimbo sasa. Nilimwambia ukweli kuhusu Branice. Hakunigombeza. Alisema tu, "Yule msichana alinibeba," akageuza uso akatazama kuku. Ningependa angenigombeza.

Kuhusu 2016, nilikuwa nimejiambia ningekusamehe ukiomba, na sikutarajia utaomba. Nimekusamehe. Lakini usiniandikie tena "nzuri, sina la kuongeza". Nilipoisoma ile sentensi Aprili nilijua kuna kitu, nikakubali kudanganywa kwa sababu nilikuwa nimeshapata nafasi.

Nilijua, Shangazi. Ile ripoti niliisoma mimi mwenyewe wiki moja kabla yake, iko rafu ya chini karibu na dirisha. Nilipofika aya ya tatu niliitambua kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Chini ya fomu ya maoni kuna nafasi ambapo mwandishi anamwuliza msomaji wake swali moja. Branice aliuliza. Aliandika kwa mkono wake, "Wakio, aya ya tatu nimeichukua karibu yote kwa ripoti kwa sababu sikuweza kuisema vizuri kuliko wao. Inafaa hivyo ama niiandike upya?" Nami nikajibu, "Iko sawa kabisa, usiiguse."

Nilikuambia nilimhurumia. Si kweli, au si kweli yote. Insha yake ilikuwa na moyo kuliko yangu. Yale maneno ya mama yake kuhusu foleni ya maji, yangu haikuwa na kitu kama hicho, maana nilikuwa na ya Everlyne na nikayatupa. Nilijua akiandika upya aya moja na kutatua ile miaka minne, nafasi ya Voi ni yake. Nikafikiria Baba, nikafikiria Mahoo, nikaandika usiiguse. Nilidhani atapata alama chache tu. Haki ya Mungu sikujua atarudishwa nyumbani.

Nilienda kwa Bwana Oloo kwanza. Nilimweleza yote, ya Branice na ya kwako. Aliibandua insha yangu ubaoni, akaikunja akaniwekea mkononi. Nafasi ya Voi imepewa mwingine. Lakini ya Branice alisema haiwezi kurudi nyuma, kamati imeshaamua, na aliyenakili ni yeye. Nilimsihi, nikalia mbele yake, hakubadilika. Mwezi wa tisa naenda Mahoo. Naomba, kama Mungu akipenda, Baba aje kwako kwa hiyo mihula miwili. Anasema hataki, lakini ameanza kuuliza ndama anaitwaje.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nilimkuta nje ya banda, kitambaa kichwani, mikono imechanika na nyuzi. Alinitazama, akaendelea kuanika. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa. Kumbe fomu anayo. Alikuwa nayo siku ya kamati, ndani ya daftari, na hakuitoa.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ningeitoa tungerudishwa nyumbani wawili. Halafu mzee Tom angekula nini?"

Nikaitoa insha yake mkobani. Nikamwomba jambo moja, anisikilize nimpe maoni ya insha yake, yale niliyopaswa kumpa. Alicheka, si kicheko kizuri, lakini akakaa juu ya gunia. Nikamsomea aya kwa aya. Nikamwambia hapa nimeelewa hivi, je, ndivyo ulivyotaka? Hapa mama yako na gazeti wanapishana, wewe unasimama na nani? Akanijibu haraka kama aliyekuwa akingoja, kwamba kampuni ilifunga mfereji mkubwa 2016, lakini ule wa nyumba za wanawake wasio na waume ulikufa 2012 na hakuna aliyeandika popote. Aliyasema akitumia mikono yote miwili. Tukafika aya ya tatu. Nikamwambia weka jina la ripoti, chukua mstari mmoja tu, mengine useme wewe, maana ukimruhusu mtu wa ripoti aongee mistari kumi na mmoja tunasahau sauti yako. Akachukua kalamu yangu, akaandika pembeni. Tulikaa kama saa moja na nusu. Kwa muda nilisahau kabisa tuko wapi.

Kisha msimamizi akaita majina ya zamu ya mchana. Branice akasimama, akaikunja ile insha mara nne, akaitia ndani ya aproni.

"Hayo ndiyo nilikuwa nayataka mwezi wa pili," akasema, akaenda kuanika.

Pokea salamu kutoka kwa Baba, na Mama Everlyne mpe mkono wangu.

Mtoto wa kaka yako,
Wakio